Rubi ya Mama Mbele ya Wakwe

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ana duka la vito pale Ibanda, mjini Bukavu: chumba kimoja chembamba chenye kabati la kioo na feni inayopiga kelele kuliko inavyopepea. Ukimletea jiwe umekwisha kumpoteza. Utamwambia habari za nyumbani, atakuitikia "mm, mm," na hajasikia hata neno moja.

Kabatini ametandika vitambaa vitatu. Kwenye cheusi kuna mawe ya udongo, yaliyochimbwa, zikiwemo turmalini za kijani za milima yetu hii ya Kivu. Kwenye cheupe kuna mawe ya laboratware, yaliyotengenezwa na watu maabarani. Kwenye cha buluu kuna kioo kilichochongwa, nacho kinameremeta mpaka wasichana wa chuo wanakipapia. Yeye hakidharau. "Kioo kizuri iko kizuri," husema, "ila kiitwe kioo." Nilimpenda kwa hilo tangu nikiwa mdogo na bado nampenda, ingawa ulimi wake nusura univurugie harusi.

Kwetu, watu wa biashara wa Bukavu na Uvira ambao babu zao walitoka pwani ya mashariki, siku ya hina vito vya bibi harusi hupitishwa mkono kwa mkono. Wanawake wa upande wa mume huvishika, huvipima, kisha huuliza kwa sauti ni vitu gani. Mmoja wa upande wa mke hujibu, watu wote wakisikia. Kazi hiyo kwetu ni ya shangazi. Mimi ningevaa mkufu wa mama, wenye jiwe moja jekundu ambalo baba alimpa walipooana. Mama alikuwa amewaambia majirani, mashoga zake na hata muuza samaki kwamba ni rubi iliyotoka chini ya ardhi, na kila mwaka hadithi yake iliongezwa chumvi.

Wiki moja kabla ya hina tuliupeleka mkufu dukani kusafishwa tu, si kupimwa. Lakini shangazi na lupu yake, kile kioo kidogo cha kukuzia, hawaachani. Akalitazama jiwe. Akaligeuza, akalitazama tena. Halafu akazima feni, na hapo nikajua kuna jambo, maana ile feni haizimwi hata ikitoa moshi.

"Wifi, kaa kwanza," akamwambia mama. "Hii njo rubi kweli, lakini ya laboratware."

Mama akakaa.

"Bwana yangu alinidanganya?"

"Sijui. Pengine na yeye walimwambia iko ya udongo. Alikuwa kaka yangu, wifi, nami nauliza vilevile."

"Basi siku ya hina utasema iko ya udongo."

"Hapana."

"Mbele ya wakwe? Wote wanauza vito pale Uvira! Unataka waseme bwana yangu alinivalisha takataka?"

"Haiko takataka. Lakini wakiniuliza, nitajibu."

Mama alinyakua mkufu wake akatoka bila kuaga. Siku zilizofuata shangazi akipiga simu, mama alikuwa anaoga. Jamani, hakuna mtu Bukavu nzima aliyeoga kama mama yangu wiki ile.

Nilirudi dukani peke yangu nikiwa nimefura. Nilitaka ugomvi. Shangazi akanisogezea kiti, akanipa lupu na mawe matatu mekundu. La kwanza ni la kioo: ndani lina mapovu ya mviringo, na kingo zake zimelika kama sabuni iliyotumika. Ukiliweka shavuni linapata joto upesi. La pili ni la udongo: ndani lina vidoa, nyufa, na mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe. La tatu, la laboratware kama lile la mama, lilikuwa safi mpaka likatia shaka, na ndani yake mistari imepinda taratibu kama ile ya sahani ya santuri. Lakini ugumu ni ule ule wa rubi iliyochimbwa, na ubaridi wake shavuni ni ule ule.

"Wewe ulizaliwa hospitali," akasema, "mimi nilizaliwa nyumbani kule Sange. Nani kati yetu iko mutu wa uongo?"

Nilicheka ingawa sikutaka kucheka. Mwanamke huyu ananishinda kila mara, na sijui kumchukia hata nikijitahidi.

"Basi sema ni rubi tu, uishie hapo," nikamsihi.

"Nitasema hivyo. Lakini wale watauliza imetoka wapi. Nikidanganya juu ya hii, kesho nitakwambia jiwe lingine iko la udongo, nawe utaniamini juu ya nini?"

Nilirudi nyumbani, sikumwambia mama kitu.

Siku ya hina sebule ilijaa, udi unafuka, mikono yangu imelowa hina hata siwezi kujikuna pua. Mkufu ukazunguka. Ukafika kwa bibi mzaa baba wa mume wangu, mwanamke mwenye macho ya kuchimba, aliyeuza vito maisha yake yote. Akaliweka jiwe shavuni. Akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

"Rubi," akasema. "Imetoka wapi?"

Kila mtu akamgeukia shangazi. Nilimwona akimtazama mama, na macho yake yamelowa, kwani na yeye alikuwa anamzika kaka yake mara ya pili. Alifungua mdomo. Mimi nilifumba macho.

"Ya laboratware," ikasema sauti, na haikuwa yake.

Mama alikuwa amesimama, kanga imemteleza begani. "Ilitengenezwa na watu. Bwana yangu alinivalisha kwa mikono yake, na nimeivaa mpaka leo. Mwenye neno, aseme sasa."

Bibi wa mume wangu akanyanyuka kwa shida, akaja akanifunga mkufu shingoni yeye mwenyewe, akapiga kigelegele ambacho sikutegemea kwa umri wake, na sebule nzima ikaitikia.

Katika makelele yale shangazi alisogea karibu na mama. Nilikuwa katikati yao, nikasikia yote.

"Wifi, nilikuwa nataka kusema."

"Nilijua ungesema," mama akajibu huku akiifunga kanga yake. "Njo sababu nilikuwahi. Yule alikuwa bwana yangu. Lile neno lilikuwa langu."