Mtani wa Mwishehe Pazi

Mwishehe Pazi wa Marui alikuwa mchonga mipini ya majembe. Alikuwa na mke, Mwanamkuu, na Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 1951 Wilbrod, karani wa ghala moja la korosho pale Kisarawe, alianzisha chama cha yukulele, yaani lile gitaa dogo la nyuzi nne lililokuja na askari waliorudi vitani. Chombo cha kweli kilikuwa kimoja tu, cha Wilbrod mwenyewe. Mwishehe akaombwa achonge vingine kwa kukitazama hicho. Alivichonga kwa mti wa mfenesi, akavifunga mishipi ya kuvulia samaki, na alipoulizwa ujira wake alitaja jambo moja: na yeye aingizwe chamani.

"Wewe, mzee wa mipini?" Wilbrod alicheka. "Vidole hivyo vinafaa kukamulia tui. Haya, kaa kule nyuma, wageni wasikuone wakakimbia."

Wenzake, vijana wa kaptura zilizopigwa pasi, wakaangua kicheko. Mwishehe akacheka kuwazidi. Alikuwa amesikia kwamba karani ametoka Tabora. Kwa Mzaramo, mtu wa Tabora ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi ni mtani wake tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, au akakunyang'anya kuku njiani, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Lakini siku ya msiba mtani ana kazi yake. Huja kuwachekesha waliofiwa, hulala kaburini na kukataa maiti asizikwe mpaka apewe chochote, na vilio hupata pumzi. Hivyo kila tusi la Wilbrod, Mwishehe alilipokea kama heshima.

"Leo kaniita nyani mwenye kofia," alimweleza mkewe kwa furaha.

"Na wewe ukamwitaje?"

"Mimi nilicheka."

"Utani gani huo wa upande mmoja? Mtani naye hutaniwa."

"Yule msomi, Mwanamkuu. Ataniwe polepole."

Chama kilialikwa harusini Kibaha, na Mwanamkuu akafuatana na mumewe. Kabla ya kuanza, Wilbrod alipita nyuma, akakichukua chombo cha Mwishehe kana kwamba anakitengeneza sauti, akalegeza nyuzi zote. Wimbo ulipoanza, mkono wa Mwishehe ulikwenda juu na chini na hakikutoka kitu. Vijana walifinyana. Mwishehe alitabasamu na kuendelea kuupeleka mkono mpaka mwisho, kwa kuwa mtani ndivyo alivyopenda.

Mwanamkuu alikuwa ameona. Walipopumzika alimwendea karani, akashika kiuno.

"Mtani! Umezilegeza nyuzi za mume wangu zifanane na suruali yako? Kaza mkanda, bwana, usije ukamwoa bibi harusi wewe!"

Wanawake walipiga vigelegele. Wilbrod hakucheka. Alimtazama Mwishehe, akasema, "Mfundishe mkeo adabu, au rudini Marui wote wawili."

"Msamehe, bwana karani," alisema Mwishehe. "Ni mtu wa shamba."

Njiani Mwanamkuu alitangulia hatua chache mbele. Kisha akasema, "Mtani hanuni."

"Alikuwa amechoka."

"Haya. Siku nitakayokufa mimi, tutamwona."

Alisema kwa mzaha. Masika yaliyofuata alishikwa na homa, akafa Jumamosi alfajiri.

Mwishehe hakulia kwanza. Alimwita shemeji yake, Saburi, akampa baiskeli. "Kimbia Kisarawe ukamlete mtani wangu." Kila aliyefika kutoa pole alimwambia hivyo hivyo: mtani yuko njiani. Kibarua mmoja, Mnyamwezi hasa, alivua shati ateremke kaburini kuifanya kazi yake. Mwishehe akamshika mkono. "Hapana, baba. Ninaye wangu." Yule mtu akavaa shati lake, akaenda zake.

Wakangoja. Adhuhuri ikapita. Jua lilipoinama, shehe alisema marehemu asicheleweshwe zaidi. Ndipo Saburi alipotokea, peke yake.

"Yuko wapi?" Mwishehe aliuliza.

"Shemeji, tuzike kwanza."

"Nakuuliza, yuko wapi?"

Saburi alitazama chini. "Anasema yeye si Mnyamwezi. Tabora alikwenda kusoma tu. Kwao ni Bukoba, na huko hawana utani na Mzaramo."

"Kwa hiyo?"

"Anasema hajawahi kukutania."

Watu wote waliokuwa pale waliyajua yale matusi, maana Mwishehe mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyasimulia kwa fahari. Hakuna aliyemtazama usoni. Mwanamkuu, aliyependa kucheka kuliko wanawake wote wa Marui, alizikwa bila hata mtu mmoja kucheka.

Baada ya khitima Mwishehe alikwenda chamani na chombo chake. Huenda alitumaini kuombwa radhi. Wilbrod alimwona mlangoni.

"Karibu, nyani. Nasikia sasa unajipikia. Tutakuona umekonda, au utakula mipini?"

Vijana walicheka, wakageuka kumsubiri naye acheke.

"Karani," alisema Mwishehe, "unanuka maganda ya korosho mpaka nzi wanakuamkia shikamoo."

Wilbrod akainuka kitini.

"Nani kakupa ruhusa ya kunitukana?"

"Nimekutania. Wewe umenitania mwaka mzima."

"Mimi si mtani wako."

"Najua. Nimeambiwa makaburini."

Wilbrod alinyoosha mkono. "Weka chombo hapo. Ni mali ya chama."

"Nimekichonga mimi."

"Umekichongea chama, na wewe si wa chama tena."

Mwishehe aliwatazama wale vijana mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ameshika kazi ya mikono yake, na kila mmoja aliinamia nyuzi. Akakiweka chombo juu ya kiti chake cha nyuma, akatoka.

Hakuwa amefika barabarani walipoanza kupiga. Alisimama, akasikiliza wimbo ule wa harusi ya Kibaha toka mwanzo mpaka mwisho. Haukupungukiwa na kitu.