Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Kwa miaka mingi nimekana kwamba najua chochote kuhusu magari. Rafiki zangu wakianza kuzungumza habari za injini, huchukua glasi yangu na kwenda kukaa kwingine, nao hudhani ni maringo ya mtu aliyesoma. Leo nakiri. Nalijua gari moja kwa moyo, jinsi watoto wengine walivyojua katekisimu. Silinda nne. Sentimita za ujazo elfu moja na mia tatu. Gia tano. Uzito kilo mia nane na kitu. Paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, lenye vishikio viwili. Sehemu ya mizigo inaingia valizi moja ya nguo, mradi valizi yenyewe isiwe na tamaa. Milango miwili. Viti viwili.

Harufu ndiyo iliyonitoboa. Juzi kaka yangu Déo alifungua gereji ya nyumba yetu ya zamani, mtaani Muhumba, na kabla sijaliona gari lenyewe nikapata harufu ya turubai lililolala na unyevu, ya petroli iliyochacha na ngozi ya viti iliyopasuka. Nikasikia hasira ikipanda kama maziwa jikoni wakati umegeuza mgongo. Mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mwenye shahada mbili, nikalipiga gari teke. Nilikuwa nimevaa sandali. Siwashauri.

Papa alifanya kazi ya ofisi, ile ya tai shingoni na mshahara usio na haraka ya kufika. Kabla ya gari hilo tulikuwa na jingine, refu, la zamani, na ndani yake kila mtu alijua mahali pake. Mbele alikaa Papa, na kando yake mkubwa yeyote aliyekuwepo. Mara nyingi huyo alikuwa Tonton Boniface, kaka yake mkubwa, aliyeshuka kutoka Walungu karibu kila wiki. Asipokuwepo Tonton, alikuwepo binamu, au shemeji, au mwalimu wa kwaya aliyeomba kusogezwa kidogo. Maman alikaa nyuma na sisi watoto watano, mkungu wa ndizi magotini, kuku akimkalia viatu. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Ilijulikana tu, kama ilivyojulikana firigisi ya kuku ni ya nani.

Kisha Papa akaanza kuja nyumbani na karatasi zenye picha. Jioni alituketisha barazani akatuuliza maswali.

"Silinda?"

"Nne!"

"Gia?"

"Tano!"

"Viti?"

"Viwili!" tulipiga kelele kwa furaha, wote watano, wala hakuna hata mmoja aliyejiuliza yeye angekaa wapi.

Jirani yetu Maman Chantal ndiye aliyejiuliza kwa niaba yetu. "Papa Déo, batoto batano, na gari ya viti mbili? Utabaweka ku tuyau, ile bomba ya moshi?"

"Iko bei ya chini," Papa alijitetea. "Katika zile zenye zinafunguka juu, hakuna yenye bei ya chini kupita hii. Na petroli, inalamba tu."

"Inalamba petroli, na weye unalambwa akili!"

Baraza zima lilicheka. Maman alikuwa pembeni akichagua maharage. Hakucheka, ila alitabasamu akiwa ameinamia ungo, na mimi niliyeliona tabasamu lile nikalipa maana yangu: anamwonea mume wake haya. Nilikuwa na miaka kumi na tayari nilikuwa mchambuzi mbaya.

Gari likaingia kutoka ng'ambo ya mpaka siku ya Ijumaa. Lilikuwa limeshatumika, dogo, kijani cha majani ya chai, na taa zake za mbele zilikuwa na mshangao wa mtu aliyeamshwa ghafla. Jumamosi Tonton Boniface akafika kulitazama. Alilizunguka, akaligonga kwa fimbo yake, akatamka kwamba ni zuri.

Jumapili asubuhi Maman alitoka chumbani akiwa amevaa kikwembe kipya cha kitenge, viatu vya kisigino, na kitambaa cha kichwa alichokifunga chini ya kidevu kwa sababu ya upepo. Alikuwa amekifunga na kukifungua mbele ya kioo mpaka sisi tukachoka kumngoja. Alipofika barazani, Tonton alikuwa tayari ndani ya gari. Kiti cha pili. Kofia kichwani, fimbo katikati ya magoti.

"Mudogo yangu, twende. Misa haingojake mutu."

Nilimgeukia Papa. "Papa, na Maman atakaa wapi?"

Tonton alicheka mpaka kofia ikamteleza. "Uyu mutoto wa kike iko na kinywa! Maman yako iko na miguu ya muzuri, ao hapana?"

Papa hakumtazama Tonton wala Maman. Alitazama kipimamwendo, na gari lilikuwa limesimama. Kisha akawasha injini, silinda zote nne, wakaondoka.

Tulipanda kilima kwa miguu, Maman mbele na visigino vyake kwenye mawe, sisi nyuma. Njiani mvua ya kwetu ikatushukia, ile isiyobisha hodi, na tulipokata kona tukalikuta gari limesimama kando ya barabara, wazi kama bakuli. Papa alikuwa anapigana na turubai. Kishikio kimoja kilikuwa kimekubali, cha pili kimekataa. Na Tonton Boniface alikuwa amekaa palepale kitini, maji yakimtiririka kwenye kofia, akimngoja mtu.

Maman alikuwa na mwavuli mmoja. Alikwenda akasimama kando ya mlango na kuuweka juu ya kichwa cha shemeji yake. Aliushikilia hivyo mpaka turubai likafungwa, kikwembe kipya kikimgandama miguuni na rangi yake ikichuruzika kwenye viatu. Tonton alisema, "Aksanti, muke wetu." Papa alisema, "Tutaonana ku kanisa." Gari likaondoka likiturushia tope.

Nililia kwa hasira misa nzima, na masista wakadhani nimeguswa na neno la Mungu.

Baada ya Jumapili hiyo Maman hakulikaribia gari tena. Akiulizwa, alisema lina baridi. Kitambaa kile alimpa Maman Chantal. Kiti cha pili kilimbeba Tonton, kikambeba mkubwa wa ofisi, kikawabeba mabibi harusi wa nusu ya mtaa, na Papa aliendelea kuwasomea wageni zile sifa, silinda kwa silinda. Nami nilikua na simulizi langu. Nimelisimulia kwenye karamu na hata darasani mbele ya wanafunzi: baba mwenye watoto watano aliyenunua gari la watu wawili ili ajisahaulishe kwamba ana familia. Watu hucheka sana. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu wanawake wasiopewa nafasi ya kusema, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza wa kwangu hata swali moja.

Papa alitutoka mwaka jana. Jumamosi hii ni misa ya kumaliza matanga, na ndiyo maana Déo alifungua gereji: alitaka kulitengeneza gari, na sasa linatembea. Tonton Boniface, ambaye bado yupo na bado ana sauti, alituma neno kutoka Walungu kwamba yeye ni mkubwa wa jamaa na ataingia kanisani akiwa amekaa katika gari la mdogo wake. Déo akakubali. "Tonton ni muzee, tutafanya je?" aliniambia, akitazama pembeni, na uso ule niliujua.

Nikaamua kuliuza kabla ya Jumamosi, hata kwa bei ya vyuma. Nikampigia Maman, anayeishi Nguba kwa dada yangu.

"Maman, nauzisha ile gari ya Papa."

"Gari ya nani?"

"Ya Papa."

"Ni miye njo niliomba ile gari," alisema. "Nilimuambia baba yako: nimechoka kukaa kinyuma na kuku. Tafuta gari yenye haina kinyuma. Nilikuwa nacheka naye tu. Yeye akaenda kutafuta. Alitafuta mwaka muzima, mpaka akapata yenye mushahara yake inaweza."

Nilikaa chini. Kwa hiyo Papa alimsikia. Alielewa kila kitu, alitafuta mwaka mzima, akaleta gari lisilo na nafasi ya kumficha mke wake, na asubuhi ile, mbele ya kaka yake, akakosa maneno matatu: shuka, kaka, tafadhali. Nilidhani kwamba nikijua ukweli hasira ingepoa. Imepata tu anwani sahihi. Mtu mbinafsi ningeweza kumsamehe kirahisi zaidi.

"Maman, sasa juu ya Tonton..."

"Tonton nimeisha kumupigia asubui. Nimemuambia gari itajaa. Ananiuliza, itajaa na nani? Nikamuambia, na miye."

"Akasema nini?"

"Akasema yeye njo mukubwa wa jamaa. Nikamuambia ni kweli kabisa, na mukubwa nimemutafutia pikipiki ya kumutosha Walungu na kumuleta ku kanisa." Nilimsikia akivuta pumzi. "Ashike dereva muzuri. Ku pikipiki, mutu anakaa kinyuma."

Akakata simu.