Adeer na Ile Chupa ya Atari

Nipeni ushauri haraka. Adeer wangu, yaani ndugu wa baba, amejipaka rangi ya indiketa kwenye ndevu, na kosa ni langu.

Mnajua natengeneza malori madogo ya kubeba mbuzi, yanayotoshea kiganjani. Taa zake za indiketa nazipuliza kwa rangi ya machungwa inayopitisha mwanga, na kwa joto hili la Garissa rangi hiyo hukauka upesi. Juzi niliichanganya na thina ya kuiyeyusha, nikaihifadhi kwenye chupa tupu ya atari, yale manukato ya mafuta. Kifuniko chake kinabana vizuri.

Lebo? Sikuweka. Nilijiona fundi.

Leo Adeer amepitia kwetu akielekea swala ya Ijumaa. Ameona chupa, akamimina kiganjani, akapaka ndevu zote. Ana mafua, hakunusa chochote. Huyo akaenda zake.

Wallahi nimetamani kuhama kaunti.

Huyu ndiye mzee anayeniambia kila siku, "Waryaa, wewe kijana, acha vigari vya plastiki, tafuta kazi!"

Saa nane amerudi. Viganja rangi ya machungwa kama bibi harusi. Ndevu zinang'aa kama taa ya lori. Nyuma yake wazee watatu.

Nikaanza, "Adeer, nisamehe..."

"Nyamaza. Msikitini wote wameisifia. Hawa wanataka hina kama yangu."

Nikasema ukweli: ni rangi ya lori, ina thina, huenda mkalazimika kunyoa ndevu.



Adeer akakitazama kibomba changu cha kupulizia rangi. Akavua kofia, akafumba macho, akainua kidevu.

"Kwenye shavu hili haikufika. Waryaa, si nilikuambia utafute kazi? Hii hapa. Puliza."