Persimoni za Siku ya Posa

Juzi nimeletewa habari kutoka Maseno kwamba mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yangu miaka ya themanini ametutoka. Wengi watamlilia kwa masomo ya upishi aliyowafunza. Mimi, wasomaji wangu, namkumbuka kwa mti wa persimoni, tunda la Mashariki ya Mbali linalofanana na nyanya kubwa ya rangi ya chungwa. Mumewe aliupanda nyuma ya nyumba, akafa kabla haujazaa. Ulizaa mwaka ambao binti yao aliposwa. Wageni walikuja kutoka Pap Onditi, nami nikaketi upande wa wenyeji. Baada ya chakula, mama akaingia na sinia la persimoni ngumu, zinang'aa, akisema kwa fahari, "Haya ni matunda ya baba yao." Baba mkubwa wa kijana mposaji akauma kipande kinono. Mdomo ukamkunjamana, ulimi ukamkauka kama aliyetafuna ndizi mbichi. Akatema kwenye leso. "Mama, mnatulisha nini? Kama hamtaki watoto waoane, semeni!" Mama alijifungia jikoni. Wageni wakaondoka bila kuagwa.

Tangu hapo alikwenda kanisani kwa njia ya mashambani, akaketi karibu na mlango, akatoka kabla ya wenzake. Persimoni zilizobaki alizifukia ghalani, kwenye kikapu cha ndizi mbivu, asizione tena. Binti ndiye aliyezikuta zimelainika. "Mama, hebu onja." Zilikuwa tamu kama asali, kumbe aina ile hailiwi mpaka ilegee kabisa. Mama akalia. Kesho yake akaniomba nimsindikize Pap Onditi. Alisimama mbele ya yule mzee, macho chini, kikapu cha persimoni zilizolainika mikononi. "Baba, niliwapa tunda kabla ya wakati wake. Halafu nikajificha badala ya kuwaomba radhi, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi." Akala moja yeye kwanza. Mzee akachukua yake, akainyonya, maji yakimchuruzika kidevuni. "Kaa chini, Mama," akasema taratibu. "Hata mimi nilifoka ndani ya nyumba ya watu." Harusi ikafanyika.

Huku kwetu ziwani nimeona ndugu wakinuniana hadi kaburini kwa jambo dogo kuliko tunda, kila mmoja akiona haya kutangulia kupiga hodi. Mama yule aliona haya kuliko sisi sote, lakini alikwenda. Ukiwa na mtu uliyekosana naye moyoni leo, mwendee ungali na aibu yako. Ukisubiri ikuishe, utamkuta amezikwa.