Mianzi ya Kuzuia Maji

Mvua ikinyesha Butembo, watu huingia ndani. Mimi nilitoka. Nilitaka kujua maji yaliyokuwa yanakula kiwanja cha mama mdogo wangu yanatoka wapi, na kila niliyemuuliza alininyooshea tu kidole kule juu mlimani.

Ilikuwa wakati wa vita. Nilikuwa nimerudi kutoka Kamango, nilikokuwa nikibeba mawese hadi mpakani, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Shule niliiacha mapema na tangu hapo sikuwa nimekaa mahali pamoja. Mama mdogo, mjane, alinipa kitanda jikoni kwake, mtaani Bulengera. Nyumba ile ya udongo na mabati aliijenga na mumewe, na hakuwa na kitu kingine. Nyuma yake kulikuwa na korongo. Nilipokuwa mtoto tuliliruka kwa mchezo. Sasa ukingo wake ulikuwa umefika karibu na ukuta wa jiko, na usiku nililala nikisikia udongo ukidondoka.

Nililowa mpaka mifupa, lakini niliona. Watu waliokimbia vijiji walikuwa wamejenga mlima mzima. Palipokuwa na migomba pakawa na mabati. Zamani maji yaliangukia majani, yakashuka polepole, ardhi ikayanywa. Sasa yaliruka kutoka batini hadi kwenye njia, njia ikayapeleka barabarani, barabara ikayaleta kwetu.

Nilimweleza hayo agronome, mtaalamu wa kilimo wa serikali, aliyekuja kununua maharagwe kwa mama mdogo. Alikuwa mtu wa Bandundu, aliyetumwa huku kabla ya vita, na mshahara wake ulibaki upande wa pili wa vita.

“Agronome, kwenu kuko milima?” mama mdogo alimuuliza.

“Hapana, mama. Kwetu ni plat. Njo maana hii milima yenu inanitesa.”

Alitazama korongo kwa muda mrefu. Kisha akaokota kijiti, akachora mlima wote chini, mbele ya mlango. Mitaro ikate mlima kwa upana, isishuke nao. Juu ya kila mtaro, mstari wa mianzi. Katikati, mashimo yenye migomba. Bonde dogo la chini lisijengwe kabisa, libaki na matete yake.

“Maji, mukiifukuza, itarudia na ngufu,” alisema. “Muipe fasi ya kupumzika njiani.”

Mkubwa wa mtaa alikubali. Jumamosi, siku ya salongo, kazi ile ya wote ambayo hakuna anayelipwa, tulipanda mlimani na majembe. Mianzi tuliitoa bondeni. Wanawake walinicheka.

“Wewe mwenye haukalaka fasi moja, leo unapanda kitu ya miaka?”

“Nikienda, itanikumbusha kurudi,” niliwajibu, wakacheka zaidi.

Jumatatu asubuhi mianzi yote ya mstari wa juu ilikuwa imeng'olewa. Haikutupwa. Ilikuwa imelazwa vizuri kando ya njia, mizizi upande mmoja.

Mstari ule ulipita katika kiwanja cha mwalimu wa shule ya mapadri, aliyeishi juu yetu. Kwetu, mtu akikuazima shamba, unapanda maharagwe, unapanda viazi vitamu, unavuna, unaondoka. Hupandi kitu kinachodumu. Mti ni neno: aliyeupanda anasema hapa ni pangu, na wajukuu wake watauonyesha siku ya kesi. Na wakati ule, mji umejaa wageni na karatasi za viwanja zikitolewa na wakubwa wapya kila mara, watu waliogopa mti kuliko panga.

Agronome alikwenda kwa mwalimu. Nilikwenda naye.

“Mwalimu, hii ni programme ya Leta. Ni juu ya maji tu.”

“Leta gani?” mwalimu aliuliza. “Ile ya Kinshasa, ao hii yenye inapita hapa na bunduki?”

Watu waliokuwa njiani walicheka. Agronome naye alicheka, kwa sababu serikali yake, hiyo Leta, haikuwa imemkumbuka muda mrefu.

“Pandeni byenye binavunwaka,” mwalimu akasema. “Viazi, maharagi. Hapo hakuna matata.”

Tukapanda viazi vitamu. Agronome hakufurahi, lakini alisema majani yake yatafunika udongo, ni afadhali kuliko bure. Na kweli, mlima ulipata mistari ya kijani, na mimi niliitazama kila asubuhi kama mtu aliyejenga nyumba.

Kisha njia za mashambani zikafungwa, chakula kikapungua sokoni, na watu wakachimba viazi vyao. Nani angewalaumu? Mama mdogo naye alichimba, tukala. Jembe liliacha udongo laini kama unga, juu ya mitaro, wiki zile zile ambazo mvua ilikuwa inarudi. Mvua ya kwanza kubwa iliushusha wote. Mtaro ukajaa, maji yakapasua upande mmoja tu, upande wetu. Jiko liliondoka mchana, tukiwa tumesimama kwenye baraza la jirani. Mama mdogo hakupiga kelele. Alisema tu kwamba sufuria kubwa ilikuwa ndani.

Akaamua kung'oa mabati kabla nyumba haijafuata. Angeyapeleka Beni, kwa binti yake aliyepanga chumba mtaa wa Bungulu, wayauze huko. Mwalimu alikuja na nyundo bila kuitwa. Alikaa kwenye jiwe, akawa ananyoosha misumari iliyopinda.

“Mama,” akasema, “mungeniletea kibuyu ya kasiksi.”

“Kasiksi ya nini?”

“Tuikunywe na bajirani, museme mbele yabo: hii mianzi ni ya maji, haiko ya mupaka. Si njo tunafanyaka? Ningekatala namna gani?”

Mama mdogo alikuwa ameshika bati, akaliweka chini.

“Nilijua,” akasema. “Lakini nilizania mutu ya Leta akisha kusema, inatosha. Na nilisikia haya kuleta kibuyu ya pombe mbele yake, aone sisi ni batu ya zamani.”

“Na mimi nilingoya ile kibuyu.”

Kasiksi, pombe ile ya ndizi, ilipatikana kila kona ya Bulengera, hata katika wiki mbaya kabisa. Nimepita miji mingi tangu hapo, na kila ninapoona maji yanashuka mlima uliovuliwa majani, huwaza kibuyu kimoja.

Tulipokuwa tunafunga mabati kwa kamba, mwalimu alitazama korongo, lililokuwa sasa linapanda kuelekea kwake.

“Mama, sasa naweza kupanda mianzi hapa kwako?”

“Panda,” mama mdogo akasema. “Na kasiksi usilete. Hakuna mwenye atabaki kuikunywa.”

Mwalimu aliinama tena juu ya jiwe lake, akaendelea kunyoosha misumari, ingawa tulikuwa tumeshamwambia kwamba hatuihitaji.