Ujumbe Ulioachwa Kwenye Kompyuta

Juzi, katika chumba cha intaneti hapa mjini Dodoma, mama mmoja wa Ihumwa alikuwa akimtafuta mwanawe aliyekwenda machimboni na hajarudi. Dada anayehudumia aliandika kwenye kompyuta jina la kijana na neno "mchimbaji". Hakupata kitu. Akaandika "wachimbaji", yakaja mambo mengine kabisa.

"Mama, hii haijui kwamba mchimbaji na wachimbaji ni ukoo mmoja," akasema. "Inashika lile uliloandika tu."

Mama akawa anafunga na kufungua pindo la kanga yake. "Basi iachie ujumbe, kama tunavyowaachia madereva wa malori pale Kibaigwa. Anza na salamu. Mwambie tumehama, siku hizi tuko ng'ambo ya reli."

Dada alimtazama kidogo, kisha akaandika yote, neno kwa neno.

Wapo watakaocheka. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta bei ya mabati. Zamu yangu ilipofika, kompyuta ilikuwa imejibu kwamba haikupata chochote, lakini juu ya jibu hilo, pale pa kuandikia, salamu ya mama ilikuwa bado ipo. Sikuifuta. Nikangoja kompyuta nyingine.