Nilivyoikana Sauti ya Wimbo wa Tatu

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Vyote nilivyo navyo, duka la mabati pale Rahaleo, nyumba, hata meno haya mawili ya bandia, nimevipata kwa nyundo. Nilianza kwa kugonga koroboi za makopo. Nasema mapema ili ujue kuwa aliyejiaibisha mbele ya wapenzi wa muziki wa Mtwara si mjinga wa hivi hivi. Ni mjinga aliyejitegemea.

Rafiki yangu alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji. Huko mbali hawakumjua, lakini kuanzia hapa mjini mpaka Madimba na Msimbati, na kule chini Ruvuma inakoingia baharini, msimu wa korosho haukuisha bila yeye kupiga. Ukoo wake na wangu ni watani tangu mababu. Alipokufa nililala ndani ya kaburi lake kabla hajaingia yeye, nikagoma kutoka. Nikasema marehemu alikuwa mchoyo, na huko aendako atawasumbua wenzake. Watu wakacheka huku wanalia. Ndiyo kazi ya mtani. Walinitoa kwa kuku mmoja.

Mwaka uliofuata binti yake akatoa nyimbo tano kwenye simu, akasema ni za baba yake ambazo hazijawahi kusikika. Sisi wapenzi wa marehemu tuna kundi letu la wasapu, na mwenyekiti ni mimi. Sikupigiwa kura. Nilisema tu kwamba mwenyekiti ni mimi, hakuna aliyebisha. Kuandika kwangu kwa shida, kwa hiyo natuma sauti, na nikianza sikomi.

Nikasema: "Kinanda hiki kimetoka wapi? Marehemu alichukia kinanda kama alivyochukia kunyolewa!" Nilipofika wimbo wa tatu ndiyo nikapandisha mori kabisa: "Huyu si yeye. Mimi namjua kuliko alivyojijua. Huyu ni kijana wamemwokota mahali, anaimba kama mbuzi aliyefungwa juani. Binti amefunga mbuzi kwenye kaburi la baba yake!"

Hiyo ya mbuzi ilipendwa. Ikasambazwa mpaka kwa watu wasiojua hata gitaa lina nyuzi ngapi. Binti yule ana meza ya vitenge sokoni, na ikawa hapiti bila mtu kumlilia "mee!" Mimi niliposikia hivyo nikaona kundi letu lina nguvu.

Katibu wetu ni mwalimu mstaafu, mama aliyeletwa huku na kazi kutoka nyanda za juu akasahau kurudi. Yeye ndiye aliyeandika barua kwa familia: kwa kila wimbo waseme nani kaimba, nani kapiga, na nini kimeongezwa baada ya kifo. Mimi nikataka kiongezwe kifungu changu: "Ukweli wote uandikwe, hata kama unamuuma mtu."

"Mwenyekiti, una uhakika?" akaniuliza.

"Andika, Mwalimu. Kwa wino mweusi."

Tukakutana mtaa wa Ufukoni, barazani kwa marehemu, baada ya swala ya alasiri. Nilibeba redio yangu ya deki mbili, maana binti alisema kanda za baba yake anazo, na mimi nilitaka ushahidi usikike kwa chombo changu. Redio ile niliinunua wakati wakubwa wa ofisini hawana. Nikawaeleza historia yake mpaka Mwalimu akakohoa.

Binti akatuamkia vizuri, akaweka sinia la ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, katikati.

"Kinanda nilikiongeza mimi," akasema. "Niliona nyimbo ziko uchi."

"Ungesema," Mwalimu akamwambia.

"Nilikosea kutosema. Nitaandika."

Hapo tulikuwa na haki, na asije mtu akasema tulikwenda kwa umbeya.

"Lakini wa tatu sikuugusa, baba mdogo. Nilikata tu makelele ya mwanzo. Mwimbaji sikumleta mimi."

"Mwanangu, mtani haogopi jicho. Yule ni mbuzi."

"Basi tusikilize."

Kanda ikaanza kwa kukwaruza. Halafu nyundo. Ta-ta, kimya. Ta-ta, kimya. Bati jembamba juu ya kipande cha reli. Mtwara nzima hakuna agongaye hivyo, mara mbili halafu apumzike, isipokuwa mtu aliyewahi kuvunjika kidole gumba. Nikakitazama kidole changu.

Ikanijia yote. Marehemu akitunga wimbo alikuwa anakuja kibandani kwangu, kwa sababu redio yangu inarekodi. Hakuweza kulipima gitaa lake huku anaimba. Alikuwa ananiambia, "Weka nyundo chini, mtani, imba wewe, nisikie gitaa linasema nini." Nami naimba. Miaka yote hii nilijihesabu kuwa na sauti nzuri.

Nyundo ikanyamaza. Mbuzi akaanza.

Hakuna mwingine aliyejua. Nafasi ya kunyamaza nilikuwa nayo, na sitadanganya, niliitumia. Nilikula ming'oko ubeti mzima nikitazama ukuta.

"Baba mdogo," binti akasema, na sauti ilikuwa inamkatika, "mimi wakati huo nilikuwa nanyonya. Kama si baba, niambie ni nani, nikamwombe baba radhi kaburini. Maana sokoni siendi tena."

Nikazima redio.

"Ni mimi."

"Wewe nini?" Mwalimu akauliza.

"Mimi. Mbuzi."

Baraza lilicheka mpaka sinia likapinduka. Binti ndiye aliyechelewa kucheka. Alinitazama kwanza, akafuta macho na ncha ya khanga.

"Mtani," akasema, ile ya "baba mdogo" imekwisha, "kwa baba ulilala kaburini tukakutoa kwa kuku. Leo umejichimbia mwenyewe. Tukutoe kwa nini?"

"Kwa majani!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Nikaomba wimbo uondolewe. Mwalimu akaikunjua barua, akavaa miwani taratibu, mwanamke yule hana huruma. "Wimbo ni wa marehemu, gitaa ni la marehemu. Mwimbaji aandikwe. 'Ukweli wote, hata kama unamuuma mtu.' Wino mweusi, Mwenyekiti."

Ukaandikwa.

Siku ile ile nikatuma kundini sauti fupi kuliko zote nilizowahi kutuma: "Binti hakuleta mtu. Mbuzi ni mimi. Anayetaka kulia mee aje Rahaleo, duka liko wazi."

Kanda binti aliniachia. Nimeisikiliza mara nyingi. Nikimaliza kuimba, gitaa linaendelea peke yake kidogo, zuri kweli. Alichokuwa anasikiliza marehemu ni hicho, mimi nadhani hakunisikia kabisa. Mwalimu anasema aliitunza kanda kwa ajili ya urafiki wetu. Mimi naona alisahau kuifuta.

Na watu walikuja dukani, kama nilivyowaita. Wa kwanza alikuwa binti. Alisimama mlangoni asubuhi, shikamoo hakutoa. Akasema "mee," akanunua misumari nusu kilo ya kukazia meza yake, akaenda sokoni.